Kabla Hujamwambia Mtu "Beba Msalaba Wako"

Dar es Salaam hii kila kitu ni msalaba. Mume mlevi, msalaba. Mama mkwe mgomvi, msalaba. Nimemsikia hata kondakta pale Buguruni akimwambia abiria aliyekosa siti, "Beba msalaba wako mama, tunakaribia." Utani wa namna hiyo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pale maneno hayohayo yanapotoka kwa mtu wa kanisa, kwa sauti ya upole, kwenda kwa mtu aliyeumia.

Nimekuwa kiongozi wa jumuiya ndogondogo huku Tabata kwa muda mrefu, na haya nimeyasikia sana. Mwanamke anakuja kwenye sala uso umevimba, kila mtu anajua kwa nini, na sala ikiisha mzee mmoja anamshika bega: "Vumilia mwanangu, Bwana wetu naye alibeba wa kwake." Ninyi mnaofariji wenzenu, maneno hayo yaacheni.

Msalaba tumeuzoea mno. Upo kwenye meza za wauza rozari, unaning'inia kwenye vioo vya daladala, wengine wanauvaa wa dhahabu. Kwa Warumi ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakusulubiwa. Mwaka 71 kabla ya Kristo, uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa, mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma, ili kila mpita njia aone na aogope. Aliyehukumiwa alibebeshwa mti wake hadi mahali pa kufia, na kosa lake lingeweza kuandikwa watu wasome. Zile herufi INRI kwenye msalaba wa sebuleni kwako ni mashtaka: Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi. Yohana anasema yaliandikwa kwa lugha tatu, maana walitaka yasomwe na wote.

Kwa hiyo Yesu aliposema, katika Luka 9:23, kwamba anayetaka kumfuata ajikane na ajitwike msalaba wake kila siku, waliomsikia hawakuwaza kodi ya nyumba wala mume mkorofi. Waliwaza mtu anayetembea kwenda kuuawa kwa sababu ya upande aliouchagua. Tena maneno yenyewe yanaanza na "akitaka". Anayejitwika ni yeye mwenyewe, hatwishwi na jirani.

Halafu tunasahau kwamba Yesu huyohuyo alikwepa kuuawa zaidi ya mara moja. Nazareti walimpeleka ukingoni mwa kilima wamtupe chini. Akapita katikati yao akaenda zake. Hekaluni walipookota mawe, alijificha akatoka. Kuna wakati hakutaka hata kutembea Uyahudi kwa kuwa walikuwa wakitafuta kumuua. Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke. Alipokubali, alikubali kwa hiari na kwa ajili ya watu aliowapenda, na alikuwa ameshasema kwamba uhai wake hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe. Paulo, aliyeandika kwamba hataki kujua lolote ila Kristo aliyesulubiwa, alitoroka Dameski usiku akiwa ndani ya kapu lililoshushwa ukutani. Na Yerusalemu, walipomfunga tayari kwa mijeledi, aliwauliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Mbona hatusemi Paulo aliutupa msalaba wake?

Basi ukimwambia mwanamke anayepigwa kwamba kipigo ndicho msalaba wake, umempa mume kazi ya askari wa Pilato, na kazi hiyo umeibariki. Mimi msalaba unaniambia kwamba Mungu alikuwa upande wa aliyepigiliwa misumari. Aliyeshika nyundo aliombewa msamaha, sawa, lakini hakuna mahali alipoambiwa aendelee.

Wengi hawajui pia kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kukaa apigwe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Sheria ya Kanisa Katoliki nayo, kanuni ya 1153, inamruhusu mwanandoa kuondoka pale mwenzake anapohatarisha sana roho au mwili wake, au wa watoto. Na kama kuchelewa ni hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe bila kungoja kibali cha askofu. Si talaka, ndoa inabaki ndoa. Lakini mlango upo, na Kanisa lenyewe ndilo lililouweka. Nikiwasomea hilo wazee wa jumuiya huwa wananiangalia kama nimelitunga.

Kuna mateso mengine ambayo hayana wa kumshtaki. Mama yangu alipopata kiharusi nilimuuguza nyumbani. Jumapili baada ya misa walikuja watu na machungwa na maneno: "Msalaba mzito huu, dada, lakini Mungu hamwachi mja wake." Walikuwa watu wema. Wakaondoka, nikabaki na ndoo ya mashuka. Jirani yangu mmoja Mwislamu, ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno msalaba, yeye aliuliza zamu ya usiku ni ya nani. Akawa anakuja baada ya Ishaa, tunamgeuza mama pamoja asipate vidonda vya kulala, tunambadilisha pampasi, kisha ananifukuza nikalale.

Ijumaa za Kwaresima, kwenye Njia ya Msalaba, tunapiga magoti kituo cha tano kwa ajili ya Simoni wa Kirene, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Libya. Marko anasema alikuwa mpita njia tu, anatoka shamba, wakamshurutisha. Injili hazikuandika neno lake hata moja. Alichofanya ni kushika mti. Tangu wakati ule wa mama, kituo hicho huwa sikipiti haraka, hata kama jua la saa tisa linachoma na waimbaji wamechoka.

Je, mgonjwa asiseme kwamba mateso yake ni msalaba? Aseme. Mama yangu, maneno yalipoanza kumrudia, alisema maumivu yake anayatolea kwa ajili ya wajukuu. Nilikaa kimya nikamsikiliza. Ni imani yake, aliifikia mwenyewe kitandani, na ilimpa nguvu ambazo mimi sikuwa nazo. Ningekuwa mimi ndiye niliyemwambia, tena nikiwa mzima wa afya, ingekuwa ufedhuli.

Ukikosa la kusema, uliza mambo ya kawaida. Umekula? Watoto wako wapi? Dawa zimebaki za siku ngapi? Nani anakupeleka kliniki? Na kama ni yule mwenye uso uliovimba, usimuulize mbele ya wanajumuiya, wala simu isipigwe mume akiwa karibu. Mvute pembeni umuulize kama usiku huu yuko salama kurudi nyumbani. Akisema hapana, rozari waachie wengine waiongoze. Wewe chukua bajaji mwende naye kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa kwenda nayo kutibiwa, na kutoka hapo mwende hospitali. Beba na kanga ya ziada na chaja ya simu, foleni inaweza kuwakesha.