Barua kwa mwanangu: kuhusu Rehema na ile bendi yenu

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku nikalala nao, nikaamka nao, nikaona kwa simu hatutafika popote maana utanikatisha kama kawaida yako, bora niandike. Unasema mlipanga wanne kwenda kuiona hiyo bendi yenu kwenye kiukumbi cha hapo Kinondoni, sasa Rehema kaachishwa kazi hana kiingilio, wenzako wawili wanasema nendeni watatu yeye atakuja siku nyingine, na wewe unaniuliza mkimlipia si ataona mnamdharau.

Mi Rehema simjui hivyo. Namkumbuka tu kwenye arobaini ya babu yako alivyoosha masufuria yote bila kuambiwa na mtu. Akibaki nje atajisikiaje, siwezi kukwambia. Mi najua ya yule aliyeingia ndani.

Mama Shani umemwita mamdogo tangu hujaota meno, lakini hii hujawahi kuisikia, na akija kuisikia kwako nitakana.

Ilikuwa 1984. Tulikuwa wasichana wanne, wapiga chapa ofisi moja, wote tunakaa Keko, mimi na Mama Shani chumba kimoja. Wote Sikinde damu, ile bendi ya dansi ya Mlimani Park. Enzi zile mjini wewe ni Sikinde au ni Msondo, yaani bendi ya JUWATA, kama Simba na Yanga, na baba yako unamjua, Msondo mpaka anaingia kaburini, alikuwa akihadithia mwimbaji Gurumo alivyotoka JUWATA 1978 akajiunga na Mlimani Park utadhani ni yeye aliyekimbiwa na mke.

Na usidhani ilikuwa kama nyie mnabonyeza simu wimbo unalia. Bendi inarekodi pale RTD, Redio Tanzania, wimbo unapigwa redioni, redio yenyewe ndo hiyo hiyo moja, ukitaka kuusikia tena usubiri waupige au uufuate ukumbini. Mama Shani alikuwa na daftari. Kila wimbo mpya anaandika maneno, mstari asioupata anaacha nafasi, akienda dansini anarudi ameujaza. Sisi wengine tulikuwa tunakwenda kucheza, yeye alikuwa anakwenda na kazi.

Sasa jioni hiyo Sikinde hawakuwa kwao DDC Kariakoo, walikuja kupiga baa moja huku kwetu Temeke, sakafu ya simenti, ukuta wa makuti, meza za kuhesabika. Tulikuwa tunachanga tangu katikati ya mwezi. Nguo tumepigia pasi ya mkaa, viatu vya kuazima, mimi khanga mpya mabegani. Na unaujua msemo wangu, mkitoka wanne mrudi wanne, ule mliokuwa mnanichekea mkienda Coco Beach. Basi hata siku hiyo ni mimi niliyeusema, mlangoni pale pale, tukitoka.

Kufika getini kiingilio kimepanda, jamaa anasema ni mwisho wa mwezi. Tukakusanya, tukahesabu, tukahesabu tena, tumepungukiwa dala tatu. Dala ndo ile shilingi tano, nauli ya daladala ya wakati ule, jina limetoka hapo. Watatu wanaingia, mmoja hapana. Tukambembeleza, jamaa wala hatutazami usoni. Mama Shani akasema ingieni nyie, mi nasikilizia hapa hapa, nitawasubiri, akasema haraka haraka huku anacheka, unajua anavyocheka.

Na mimi Zawadi nilikuwa na noti ya ishirini nimeifunga kwenye pindo la khanga.

Nikanyamaza.

Miaka yote hii najitetea kwamba ile ilikuwa nauli. Dala nne, watu wanne, hesabu inatimia kabisa. Usiku, wasichana watupu, na zama zenyewe za Nguvu Kazi, ule msako wa serikali wa wasio na kazi, ukikutwa barabarani huna kitambulisho cha kazi ni maswali, lazima mmoja wenu awe na akiba. Ni kweli au si kweli? Ni kweli. Lakini kama ilikuwa nauli yetu wote mbona wenzangu hawakuijua? Hapo ndo nakwamaga. Halafu naanza upya, nasema hata ningeitoa Mama Shani angekataa, ana kiburi yule. Angekataa mara ya kwanza. Ya pili asingekataa, tulikuwa tunalala kitanda kimoja, namjua.

Basi tukaingia, na nikwambie ukweli, ilikuwa tamu. Hapa ndo watu wanapodanganya, utasikia mtu ooh sikufurahi, roho iliniuma. Roho haikuniuma hata kidogo, iliniuma kesho yake. Ukumbi mdogo mwanangu hauna mfano, yule mpiga solo unamwona vidole, tarumbeta zikiingia unazisikia mbavuni, waimbaji hawako juu jukwaani, wako hapo, ukinyoosha mkono unawagusa. Wimbo unaanza taratibu, watu wamekaa wanasikiliza mashairi kimya kama wako barazani kwa shehe, mtu anatikisa kichwa kwa mambo yake mwenyewe ya nyumbani, halafu ghafla gita linabadilika, inaingia chemko, meza zote zinabaki tupu. Nyie siku hizi mnaanzia kwenye chemko. Sisemi vibaya, nasema tu.

Wakaupiga ule wimbo mpya, ule ambao Mama Shani alikuwa ameuachia nafasi tatu kwenye daftari. Gurumo kasimama mbele, wakati huo wala hajawa mzee, na ile sauti yake inayokuja polepole kama mtu aliyetumwa kuleta habari. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye pindo. Nikafungua fundo, nikatoka mezani nimenyoosha shingo, watu wananipisha, nikambandika noti ya ishirini kwenye paji la uso. Vigelegele! Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sijawahi kutazamwa vile na watu wengi namna ile, na sikuja kutazamwa tena vile mpaka siku ya harusi, na hata ya harusi haikufikia.

Ile nauli tuliyoihitaji sana basi ndo ikaishia hapo. Tulitoka usiku mnene, tukarudi Keko kwa miguu, viatu mkononi. Yaani hata msemo wangu haukuvunjika, tulitoka wanne na tulirudi wanne, sina hata wa kunishitaki.

Tulimkuta kakaa kwa muuza kahawa, pembeni watoto wanapiga chabo kwenye matundu ya makuti. Akatuuliza, mmefaidi? Njia nzima anaimba. Kesho yake ofisini nikalifungua daftari lake, nafasi zote tatu zimejaa, kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza umesikiaje na kelele zile. Akasema, "Makuti hayazuii kitu."

Hayazuii kitu. Hakusema hayazuii sauti. Nimelipiga chapa hilo neno kichwani miaka arobaini sasa na sijajua alimaanisha nini.

Wakati mwingine nasema ile ishirini haikupotea. Si uliona 2013 Mzee Gurumo alivyostaafu, akasema mwenyewe muziki haukumpa hata baiskeli, mpaka kijana Diamond akampa gari? Mwaka uliofuata akatutoka. Nililia siku hiyo, na baba yako alikuwa ananicheka. Nikajiambia angalau mimi nilimpa changu akiwa anaimba. Halafu nikajiambia, changu? Dala tatu kati ya hizo zilikuwa na mwenyewe yuko nje ya makuti.

Halafu kitchen party yako. Umesahau kwa sababu ulikuwa umefunikwa. Mimi nacheza, Mama Shani katoka mezani, kanyoosha shingo, kanibandika usoni noti mbili za elfu kumi, akaenda zake kukaa anacheka. Mbili, Zawadi. Mbona isiwe moja, mbona isiwe tatu? Labda ndo alizokuwa nazo tu. Nimeshindwa kumuuliza, maana nikiuliza tu nimeshajibu.

Kwa hiyo sikuambii umlipie Rehema. Wewe mtu mzima, una nyumba yako, na marafiki ni wako. Pengine kweli ataona vibaya, pengine wenzako wana sababu zao, nauli, watoto, sijui nini, kila mtu ana pindo lake. Sisemi kitu. Ila mkitoka wanne... haya, basi, nimenyamaza.

Nimekutumia elfu ishirini kwenye simu, usinipigie kuniuliza ya nini. Ya kutolea imo humo humo.

Mama yako