Kinachoua Nyundo ya Zamani Si Kutu, ni Moto

Wiki hii msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia kwamba amekuta nyundo ya marehemu babu yake stoo, imeliwa na kutu, na mnunuzi wa vyuma chakavu keshaipima kwenye mizani. Anauliza kama kuna haja ya kuhangaika nayo. Ndugu yangu, haja ipo, tena kubwa.

Mimi ni seremala hapa Tukuyu, na nyundo ninayoishika kila siku ni ya baba. Aliinunua Chunya kwa mzee aliyewahi kuchimba dhahabu kule Lupa. Ubavuni ina chapa ya Sheffield, Uingereza, ambayo haikusomeka mpaka nilipoisafisha. Wateja wakiiona huniuliza naiuza bei gani. Haiuzwi.

Lakini baba aliniachia mbili. Ile nyingine niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea anitolee kipande cha mpini kilichovunjikia ndani. Akaitia kwenye moto wa mkaa hadi ikawa nyekundu, mti ukateketea, akanirudishia huku akitabasamu. Niliporudi nayo kazini, uso wake ulianza kubonyea kwa misumari ya kawaida. Uso wa nyundo hupewa ugumu kiwandani: hupashwa moto, huzimwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa kiasi. Ukiutia moto upya ukapoa taratibu, ugumu ule umekwenda. Mpaka leo inaniuma, na nikipita pale karakanani kwake natazama upande wa pili.

Kwa hiyo moto marufuku. Kata mpini usawa wa chuma, toboa mti uliobaki kwa keekee, kisha ugonge kutokea chini utoke juu. Hata grenda iogope: ukiona uso umegeuka rangi ya bluu, umekwisha kuulainisha.

Kutu yenyewe haina shida. Zamisha kichwa kwenye siki nyeupe, kilale humo usiku mmoja. Asubuhi utakuta kutu imelegea kama tope jeusi. Sugua kwa stilwaya. Usikisahau humo siku nyingi, kwa sababu siki ikimaliza kutu inageukia chuma. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha papo hapo, paka mafuta ya mashine. Kwa ukungu wetu huu wa Rungwe, chuma kilichotoka kwenye siki bila mafuta kinaanza upya kutu kabla hujamaliza chai. Na chapa usiipige msasa! Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha nyundo yako.

Mpini ndio wenye kazi. Tafuta mti mgumu uliokauka vizuri, nyuzi zake zikimbie kwa urefu bila kukatiza. Tundu la nyundo ni jembamba katikati na pana pande zote mbili, kwa hiyo chonga polepole, ukijaribisha. Ukishaingia, geuza nyundo kichwa kikining'inia chini, bila kuegemea kitu, kisha gonga kitako cha mpini kwa kipande cha gogo. Utaona kichwa kinaupanda mpini chenyewe. Halafu pigilia kabari ya mti kwenye mpasuko uliokatwa kwenye ncha ya juu ya mpini. Ndiyo inayojaza ule upana na kuzuia kichwa kisiruke.

Vijana wengi huloweka nyundo iliyolegea kwenye ndoo ya maji. Acheni, wadogo zangu. Mti ukikauka tena unalegea kuliko mwanzo, na kichwa kikichomoka kinamkuta mwenzako usoni. Tunalalamika kwamba vifaa vya siku hizi havidumu, huku vya wazee wetu tunaviuza kwa kilo. Hiyo si haki.

Malizia kwa kupaka mpini mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, mkono mwembamba, ukauke, urudie. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kwenye maranda: mafuta haya yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje, mbali na mbao.