Nikianza troti pumzi inakata, nafanyaje?

Swali: Habari za kazi kocha. Mimi najifunza kupanda farasi, huu mwaka wa pili. Kwenye mwendo wa kutembea niko poa kabisa, ila farasi akiingia tu troti, yaani ule mwendo wa mbio za polepole, nabana pumzi bila kujijua, nyonga zinakaza, narushwarushwa juu ya tandiko na farasi naye anainua kichwa anakaza mgongo. Mwalimu anapiga kelele "legea, legea!" na nikijilegeza ndo naruka zaidi. Nasikia watu wanafanya yoga na mazoezi ya pumzi kwa ajili ya hili, je yanasaidia kweli au ni fasheni tu?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Yanasaidia, tena sana, ila sio kwa ile sababu inayotajwa kila siku eti "yanakutuliza". Kutulia kunakuja baadaye. Kuna msuli unaitwa soasi, unaanzia kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, unapita mbele ya nyonga na kushika juu ya mfupa wa paja. Sasa diaframu, ule msuli mpana chini ya mapafu unaofanya kazi ya kupumua, mizizi yake iko kwenye pingili hizo hizo za kiuno. Ukibana pumzi diaframu inaganda, kiuno kinakakamaa, soasi inavuta paja juu, goti linapanda, kisigino kinapanda, kiwiliwili kinaegemea mbele, na hapo hakuna tena kitu cha kufuata mgongo wa farasi. Na farasi anajua mara moja, maana huyu ni mnyama anayesikia nzi mmoja akitua kwenye ngozi yake, itakuwa wewe mzimamzima uliyekauka juu yake?

Kuhusu "legea", mimi hilo neno uwanjani situmii kabisa. Mgongo wa farasi kwenye troti unapanda na kushuka mara mbili kila hatua kamili, na mtu aliyejiachia mwili wote, mpaka misuli ya tumbo, anachelewa kila mara, yeye anashuka mgongo unapanda, wanagongana. Unachotakiwa kuachia ni nyonga na kiuno, kiwiliwili kibaki kimesimama.

Kwa hiyo cha kwanza: usivute pumzi ndefu. Najua kila mtu anakwambia uvute, lakini mtu aliyeshtuka mapafu yake yameshajaa tayari na mabega yako masikioni, ukiongeza hewa unazidi kujifunga. Toa. Toa taratibu kwa mdomo, hata ukitoa na kasauti ka "sss" sawa tu, mpaka usikie mbavu za chini zinashuka, alafu iache pumzi iingie yenyewe kwa pua.

Cha pili ufanyie nyumbani, sakafuni. Hili zoezi linatokana na Moshe Feldenkrais (1904–1984), mwanafizikia aliyekuwa pia mtu wa judo. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Chukulia nyuma ya kiuno na makalio kuna saa ya ukutani umeilalia, namba 12 iko upande wa kitovu, namba 6 kwenye kitokono. Bingirisha nyonga taratibu kutoka 12 kwenda 6 na kurudi, kidogo tu, mtu akikuangalia asione kitu. Ukitoa pumzi nenda 12, ikiingia rudi 6. Baadaye 3 na 9, mwisho zunguka saa nzima. Kuna sehemu utakuta nyonga inaruka, mfano inatoka 4 inadondokea 6 bila kugusa 5, na mara nyingi hapo hapo na pumzi inakata. Usilazimishe, punguza ukubwa wa mwendo mpaka papite laini. Hiyo sehemu inayoruka ndo inayokurusha kwenye troti.

Ukipanda, anza na kutembea, mtu akiwa amemshika farasi kwa kamba ndefu, wewe fumba macho. Mguu wa nyuma wa kushoto ukiwa unakwenda mbele, tumbo la farasi linahamia kulia na mfupa wako wa kukalia wa kushoto unadondoka kidogo. Sikiliza hilo tu, kushoto, kulia, kushoto, na utoe pumzi kwa hatua nne, iingie kwa tatu. Alafu fumbua macho ila usimkodolee farasi masikio, angalia uwanja wote kwa upana. Hayo macho mapana Sally Swift, yule Mmarekani aliyefundisha wapanda farasi huku mgongo wake mwenyewe umepinda tangu utotoni, aliyaweka pamoja na pumzi kwenye misingi yake minne, na hakukosea, ukikodoa macho pumzi inasimama.

Troti sasa: toa pumzi KABLA ya kumwomba farasi, nenda hatua chache, rudi kutembea kabla hujaganda. Mara nyingi, na mara nyingi tena. Imba au guna wimbo wowote, mtu anayeimba hawezi kubana pumzi.

Tahadhari mbili. Kuna wanaosema upumue sawa na farasi. Akiwa ametulia anapumua mara 8 mpaka 16 kwa dakika, hapo mkiwa mmesimama mnaweza kwenda pamoja na ni raha kweli, lakini akienda shoti pumzi yake inafungwa na hatua, hatua moja pumzi moja, ukimwiga utaona kizunguzungu uanguke. Na yale mazoezi ya yoga ya kupumua harakaharaka yaache hukohuko kwenye mkeka. Yoga ya kufungua nyonga ni sawa kabisa, ila iwe ya polepole.

Mwisho, mkague farasi mwenyewe. Bonyeza mgongo wake pande mbili za uti, pale tandiko linapokaa, akishtuka au akiinama kukwepa mkono wako basi hapo kuna maumivu, daktari wa mifugo amwone na tandiko likaguliwe kabla hujaendelea na mambo ya pumzi.