Nina asubuhi moja tu na mito nisiyoijua, nivue wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nitakuwa safarini kikazi hivi karibuni na huko niendako kuna mito mitatu ambayo nasikia ina trauti, sijawahi kukanyaga hata mmoja. Ratiba imebana vibaya, nimepata asubuhi moja tu na saa nne niwe nimesharudi nimeoga nimevaa suti. Nilikuwa nawaza nipitie yote mitatu, nusu saa hapa nusu saa pale, angalau nijue upi una samaki. Nina fimbo ya spina (kile chambo bandia cha chuma kinachozunguka majini) na fimbo ya nzi wa bandia, sijui nibebe ipi. Na nianze saa ngapi? Nipangie tafadhali maana mwenyewe nazunguka tu kwenye ramani silali.
Mgeni wa Mito

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya mito mitatu ifute sa hivi, utakachovua ni lami. Piga hesabu kinyumenyume: saa nne uwe na suti, yaani saa tatu au kabla yake uwe umeshawasha gari, sasa toa muda wa kuendesha, toa kuvaa mabuti, toa kufunga ndoano gizani na vidole vya baridi, toa kutembea mpaka majini, unabaki na masaa mawili na kitu ya kuvua kweli. Masaa mawili ni mto mmoja, tena sio mto wote, ni kipande cha nusu kilomita hivi. Mto wa pili uwe akiba, uende huko tu kama wa kwanza umeukuta tope au pa kuegesha pamejaa magari. Wa tatu achana nao.

Halafu usiutishike sana ugeni. Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya na kandokando yake, yule wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayomwaga Pasifiki, upande wa magharibi wa Amerika Kaskazini na Urusi ya mashariki. Watu wamewabeba karibu dunia nzima, mayai ya yule wa kahawia yalifika Tasmania hai mwaka 1864 baada ya safari ndefu ya meli, yamelazwa kwenye barafu na kuvumwani, ile mimea laini ya mahali penye unyevu. Kote walikopelekwa wamebaki na mahitaji yaleyale: maji baridi, hewa ya kutosha ndani ya maji, chakula kinacholetwa na mkondo, na pa kujificha. Kwa hiyo samaki unamjua tayari, usichokijua ni pa kuingilia na sheria, na hivyo viwili vinamalizwa usiku ukiwa kitandani na simu, sio asubuhi ukiwa umesimama darajani.

Sheria anza nayo maana ndiyo inaweza kukufutia safari nzima. Usiishie kwenye "nina leseni", soma sheria ya kipande chenyewe, maana mto mmoja unaweza kuwa na vipande viwili vya sheria tofauti, huku nzi tu na samaki wote warudishwe, kule chini chambo ruksa. Angalia na msimu, sehemu nyingi zinafunga wakati wa kutaga, na hawa wawili hawatagi pamoja, wa kahawia anataga majira ya vuli kuingia baridi, wa upinde wa mvua kwa kawaida majira ya kuchipua. Angalia pia ardhi ya pembeni ni ya nani, mto kuwa wa umma haimaanishi ukingo nao ni wa umma.

Ukimaliza hapo fungua picha za setilaiti. Unatafuta kipande chenye mchanganyiko: weupe weupe, hayo ni maji yanayokimbia juu ya mawe, kisha pametulia, kisha mto unakata kona, na miti imeinamia. Kwenye ramani ya miinuko mistari ikibanana sana ujue ni maporomoko, utapanda mawe asubuhi nzima na samaki wengi watakuwa wadogo, mistari ikiachana sana maji yatakuwa ya polepole na mgeni atapata shida kujua samaki amelala wapi. Mimi kwa mtu mwenye asubuhi moja namchagulia mto mdogo kuliko mkubwa kila siku, mto mdogo unasomeka. Weka alama mbili za kuegesha gari, na kwenye kila moja pima mwendo wa dakika 15 kwa mguu kutoka darajani, hapo ndipo uanzie. Wavuvi ni wavivu kuliko wanavyokiri, maji ya karibu na magari yanapigwa kila siku, ukivuka kona mbili tu unakuta samaki ambao hawajatishwa wiki nzima.

Saa ya kuanza inategemea majira, na hapa watu wengi wanaamka alfajiri kwa mazoea tu. Trauti anachangamka zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za selsiasi hivi. Kama ni msimu wa joto basi alfajiri ndiyo yenyewe, maji yamepoa usiku kucha na mwanga bado hafifu, uwe umefika kabla jua halijagusa mto. Kama ni msimu wa baridi kulala kwako hakutakugharimu kitu, saa kumi na mbili maji ni ya kugandisha na samaki hana haja ya kula, wadudu wanaanza kutoka jua likishapiga maji kidogo, kwa hiyo wewe mwenye suti saa nne itabidi uchague upande wa mto unaopata jua mapema. Beba kipimajoto kidogo. Maji yakikaribia nyuzi 20 acha kuvua hata kama wanakula, maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na samaki uliyempigisha vita anaweza kufa baada ya kumwachia, wewe ukidhani umemfanyia wema.

Ukifika, kaa dakika tano hujagusa maji. Najua muda hauna, kaa. Trauti anatazama mkondo unakotoka kwa sababu huko ndiko chakula kinatokea, hataki kuchoka, kwa hiyo anatafuta maji ya taratibu yaliyopakana na maji ya kasi, anapumzika huku anachungulia kule kama mtu aliyesimama kwenye kizingiti cha nyumba yake akingoja mchuuzi apite. Ule mstari kati ya kasi na utulivu ndio wa kuupiga kwanza. Povu likipita mahali ujue chakula nacho kinapita hapohapo, fuata povu. Angalia mbele ya jiwe kubwa na sio nyuma yake tu, mbele kuna maji yaliyotulia, kama mto wa kulalia, ambayo wengi hawayajui. Angalia pale mkondo unapoingia kwenye kilindi, na chini ya ukingo uliochimbwa na maji. Na kitu ambacho wageni wanakiharibu kila siku ni yale maji ya kina cha kifundo mwishoni mwa kilindi: alfajiri samaki wakubwa wanakuja kula humo, sasa wewe unaingia humo na mabuti ili urushe mbali katikati, umeshawafukuza. Rusha kwanza pale ulipotaka kukanyaga.

Njoo ukitokea chini ukipanda, kinyume cha mkondo, uwe nyuma ya samaki. Inama, usisimame juu ya ukingo ulio wazi bila kichaka nyuma yako, na angalia kivuli chako kinaanguka wapi. Miwani ile ya polaroidi inayokata mng'ao wa maji hiyo sio urembo, bila hiyo unavua kipofu.

Fimbo beba moja, ile ambayo mkono wako umeizoea, siku ya kujifunza sio hiyo. Kama ni spina chukua ndogo za gramu 2 mpaka 4, rusha kuelekea mkondo unakotoka na uivute haraka kidogo kuliko maji yanavyokuja, la sivyo itazama tu. Kama ni nzi, fimbo ya mita 2.7 yenye mshipi wa uzito namba 4 au 5 inatosha mito mingi, na usibebe sanduku zima la nzi, aina chache tu: Pheasant Tail na Hare's Ear za kuzama, Adams na Elk Hair Caddis za kuelea, Woolly Bugger moja nyeusi, basi. Ukipiga sehemu nzuri mara kadhaa na hakuna kitu, badili kina kabla ya kubadili nzi, mara nyingi tatizo ni kwamba unapita juu ya vichwa vyao, na kama kina umebadili na bado kimya, songa mbele, usianze kubishana na kilindi kimoja wakati suti inakungoja.

SWALI: Je nikifika nikute mvua imenyesha usiku na mto ni rangi ya chai ya maziwa, nirudi kulala?
Msomaji wa mbali

JIBU: Inategemea maji yanapanda au yanashuka. Yakiwa yanapanda na yanabeba majani na vijiti, geuza gari, hakuna cha kuvua na ni hatari. Yakiwa yameanza kushuka na bado yana rangi, hiyo inaweza kuwa asubuhi nzuri kuliko ya maji maangavu, samaki wanasogea pembeni kukwepa kasi na hawakuoni, tumia kitu kikubwa na cheusi kisogeze karibu na ukingo. Kipimo changu ni rahisi, simama maji ya magoti, ukiona kiatu chako vua. Usipokiona panda juu kwenye vijito, vidogo ndivyo vinavyotakata kwanza, mto mkubwa unaweza kuchukua siku kadhaa. Ndio maana nilisema mto wa akiba, na akiba yenyewe isiwe mto pacha wa ule wa kwanza, mvua moja itawachafua wote.

SWALI: Mzee mimi ni mdada navua peke yangu, mto nisioujua niingie mpaka wapi?
Mvuvi wa kike

JIBU: Magotini mwanangu, na kwenye maji ya kasi hata magoti ni mengi. Shika fimbo ya kutembelea, iwe upande mkondo unakotoka, sogeza mguu mmoja tu kwa wakati na usiinue, burura. Ukivaa suruali ya mpira ya kuvulia funga mkanda kiunoni ili isijae maji ukianguka. Ukichukuliwa, lala chali miguu itangulie mbele, usijaribu kusimama katikati ya kasi, mguu unaweza kunasa kwenye mawe. Kama juu ya mto kuna bwawa, tafuta ratiba ya kufungulia maji, mto unaweza kupanda ghafla anga ikiwa safi kabisa, ukiona mawe yaliyokuwa makavu yanaanza kulowa toka hapohapo. Na mwambie mtu ulipoegesha gari na saa ya kurudi, sio "naenda mtoni" tu.

SWALI: Nikivua mto huu leo na mwingine kesho kuna ubaya wowote? Rafiki anasema viatu vinaambukiza mto, nikacheka.
Mbishi

JIBU: Acha kucheka. Kuna mwani unaitwa didimo unaofunika mawe ya mto kama zulia chafu, ulionekana New Zealand mwaka 2004 na kufikia 2008 wakapiga marufuku viatu vya kuvulia vyenye soli ya feliti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa), kwa sababu feliti inakaa na unyevu na kubeba viumbe vidogo kutoka mto hadi mto. Kuna na kimelea kinachoshambulia gegedu za trauti wachanga mpaka wanaogelea wakizunguka kufukuza mkia wao, nacho kinasafiri kwa tope. Kwa hiyo ukitoka ng'oa majani na tope lote, osha kila kilichogusa maji, kisha kausha mpaka ndani. Huna muda wa kukausha kati ya leo na kesho, beba jozi ya pili ya viatu.