"Madirisha yamefungwa": yamewekwa au yamekomewa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najenga Kigamboni huku niko kazini Muscat. Fundi aliniandikia, "Dada, madirisha yote yameshafungwa." Nikamjibu ayaache wazi ili lipu ikauke. Kumbe alikuwa ananiambia ameyaweka! Nani kakosea? Halafu, ni sahihi kusema dirisha "linavuja"?

JIBU: Marahaba. Hajakosea mtu. Kufunga kwa fundi ni kule kwa kufunga mita, kufunga feni, kufunga tairi: kitu kinakazwa mahali pake kisitoke. Tazama kinyume chake. Fundi gari akisema "nimefungua tairi", amelitoa. Basi siku fundi wako akikwambia "nimefungua madirisha ya mbele", usishangilie upepo. Huenda yameegemezwa ukutani, nje.

Dirisha la mbao lina vitenzi vyake: fremu husimamishwa, shata hupachikwa kwenye bawaba. La alumini huletwa limeshaundwa, likakazwa kwa skrubu, na hapo ndipo kufunga kunapoingia. Mimi ningeandika "nimeshaweka madirisha", lakini sitamnyang'anya fundi neno lake la kazi. Wewe muulize tu: yamefungwa, au yamekomewa?

"Linavuja" ni sahihi. Mtungi unavuja, na maji pia yanavuja. Kitenzi hiki hukubali vyote viwili. Ila kwa fundi hakitoshi, kwa kuwa hakisemi maji yanapita wapi.

Kitenzi ninachokiogopa zaidi ni kuziba. Ukiandika "ziba madirisha", kwa Kiswahili kilichonyooka umeagiza tofali. Kinachozibwa ni mwanya. Tena si kila upenyo: reli ya chini ya dirisha la kusukuma huwa na vitundu upande wa nje, vya kutolea maji ya mvua. Fundi mwenye bidii akivijaza silikoni, maji yatajaa kwenye reli, yafurike, yaingie sebuleni, nawe utaandika tena kwamba dirisha linavuja. Kwa hiyo mwandikie hivi: "Ziba mwanya kati ya fremu na ukuta, upande wa nje, kukiwa kukavu na vumbi limefutwa. Vitundu vya reli usiviguse."

Na lipu uliyoihofia, mwambie aimwagilie maji kwa siku kadhaa. Ikikauka haraka hupasuka.