Chupa ya Maziwa Iliyomwagika

Mwanangu alikuwa na miezi minne. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa jikoni nakamua maziwa ya kumwachia. Dakika 40, nusu chupa. Nikageuka kutafuta kifuniko, kiwiko kikaigonga, maziwa yote sakafuni. Nikakaa hapohapo chini, nikalia kama nimefiwa.

Mama yangu, aliyekuja kukaa nasi siku chache, akatoka chumbani na kanga yake, akatazama lile dimbwi, akacheka. "Wewe nilikupa uji una miezi mitatu, na leo unaenda ofisini na pochi!" Habari ya uji sikumfuata, kliniki wanasema miezi sita ni maziwa ya mama tu, nami nawaamini. Lakini kile kicheko kilinifanya nianze kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua mapacha. Miezi sita ni kama siku 180. Hizo karibu 100 zinazobaki atazitoa wapi? Sheria hiyohiyo inakuruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Nakaa Tabata, ofisi iko Posta, hapa Dar es Salaam. Anayeijua foleni ya Buguruni ameshanielewa: saa mbili zinaishia njiani na mtoto hajanyonya. (Baba anapewa walau siku 3. Tuyaache hayo.)

Kumbe wiki zote zile nilikuwa najilaumu kwa kushindwa jambo ambalo halikuenea kwenye siku yangu tangu mwanzo. Siku ile mtoto alikunywa maziwa ya kopo. Alilala vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo mama mwenzangu, kabla hujajiita mama mbaya, shika kalamu uandike saa zako, kuanzia unapoamka. Ukiona hazitoshi, kuna vitu vitaachwa, na ni bora uvichague mwenyewe. Mimi niliacha kupiga pasi nguo za kuchezea. Grupu la wazazi la WhatsApp, lile la picha za hotpoti zenye maembe yaliyokatwa umbo la nyota, nimelizima sauti. Wangu, ambaye sasa ana miaka minne, anabeba chapati na ndizi. Na baba akimvalisha mtoto shati vifungo vikapishana, funga mdomo. Ukilivua umvalishe upya, kesho utamvalisha peke yako, na keshokutwa pia.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliyesema tangu miaka ya 1950 kwamba mtoto anahitaji mama anayetosha tu, na kwamba kumpungukia kidogo kidogo kadiri anavyokua kunamsaidia kuizoea dunia. Mama yangu alikuwa ameshalisema kwa kicheko.

Kosa moja ndilo silipuuzi: kumfokea bure. Juzi nilimpigia kelele kwa ajili ya kiatu kilichopotea, kumbe nilikitia mwenyewe kwenye begi langu. Nikachuchumaa mbele yake. "Nisamehe mwanangu, mama nimekosea."

Akanitazama, miaka minne hiyo, akanyoosha mguu. "Haya. Nifunge kamba basi, tunachelewa."