Tukuyu au Uyole? Anataka kamji kenye chuo karibu na Mbeya

SWALI: Shikamoo dada. Mume wangu kahamishiwa Mbeya, ofisi yao iko Mwanjelwa, na mwezi wa kwanza tunahama Mbagala na watoto wawili. Yeye anataka tupange hukohuko mjini, mimi kelele zimenichosha, natamani kamji kadogo kenye chuo ili na mashine yangu ya fotokopi ipate wateja. Nilipita Tukuyu nikienda msibani Kyela nikaipenda kweli. Tutaweza kuishi pale?
Mama Wawili, Dar

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuipenda Tukuyu sikushangai, mtu katoka Mbagala anakutana na migomba, mashamba ya chai na ile hewa, lazima moyo ulegee. Ila wewe ulipita tu, na wa kuamka saa kumi alfajiri ni mume wako. Tukuyu mpaka Mbeya ni kama kilomita 70, kwenda na kurudi 140 kila siku ya kazi, afu pale Isyonje asubuhi ukungu unashuka mpaka dereva wa Kosta anawasha taa na konda anachungulia dirishani kumsaidia kuona. Mwezi wa kwanza ataenda, wa pili ataenda kwa kununa, wa tatu utasikia kapanga chumba Mwanjelwa "cha kupumzikia", na hapo utaniandikia swali lingine kabisa.

Mvua nayo. Tukuyu kwa mwaka inapita milimita 2,000, yani kama mara mbili ya Dar, nguo zinakaa kambani siku tatu na bado kola ni mbichi. Wewe mtu wa fotokopi unajua karatasi ikivuta unyevu inavyojikunja na kukwama ndani ya mashine, sasa fikiria rimu nzima iko hivyo na mteja kasimama anaangalia saa.

Lakini lililonishinda mimi ni kalenda. Niliwahi kuuza chai na mandazi getini kwa chuo kimoja cha ualimu, biashara imechanganya, nikanunua ngano mfuko wa kilo 50 kwa raha zangu. Jumatatu nimekaanga beseni zima nafika kimya, mlinzi ananiuliza mama hukuambiwa, watoto wameenda BTP? Wote wametawanyika mashuleni kufundisha. Ile ngano tulikula chapati nyumbani mpaka wanangu wakawa wanaikimbia meza. Kwa hiyo kamji kenye chuo usikapende wanafunzi wakiwepo, nenda wamefunga, kaa barazani kwa mama ntilie mchana mzima uhesabu wanaopita, hao ndo wateja wako wa kweli.

Mimi ningekwambia Uyole. Kiukweli ni ndani ya jiji lakini pana maisha yake, kuna chuo cha kilimo, kuna kituo cha utafiti, na ni njia panda ya kwenda Tukuyu na ya kwenda Iringa, kwa hiyo hata chuo kikifunga kuna wasafiri, wakulima na watu wa shule wanaotaka kutoa kopi ya kitambulisho au cheti. Mume anapanda daladala mpaka Mwanjelwa. Foleni ipo, malori ya Tunduma yote yanapita barabara hiyohiyo ndo maana wakaja na ule mradi wa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, ila huwezi kufananisha na kutokea Tukuyu. MUST, kile Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ina wanafunzi wengi na bumu likitoka utafurahi, lakini iko Iyunga, upande wa pili wa mji, na wenye mashine wenzako walishafika zamani.

Kama isingekuwa kazi ya mume ningekutuma Iringa, maana Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa vyote viko mji mmoja, ila jiji la jirani ni Dodoma, kilomita 260 hivi.

Pangeni miezi sita kwanza, mwenye nyumba anayeng'ang'ania mwaka mzima mwacheni. Tukuyu mtaenda Jumamosi kununua ndizi. Na mashine ukiipakia kwenye lori toa wino kabla, ya shoga yangu ilimwagikia njiani, magodoro yote yakafika Mbeya meusi.